Shilingi mia kwa uniti: kisa cha umeme wa jua kisiwani Ukara

Mwaka 2020 Serikali ya Tanzania iliziagiza kampuni binafsi zinazouza umeme kwenye gridi ndogo za vijijini na visiwani zishushe bei hadi shilingi 100 kwa uniti. Kwenye gridi nyingi za jua bei ilikuwa imevuka shilingi 1,500. Waziri wa Nishati wakati huo alikuwa Dk. Medard Kalemani, na hoja ya Serikali haikuhitaji ufafanuzi: haiwezekani mtu wa kisiwani alipe mara kumi na tano ya anacholipa mwenzake wa bara kwa taa ileile. Kampuni nazo zilikuwa na lao. Hakuna mteja aliyelazimishwa kujiunga, na bei hiyo ndiyo iliyofanya mitambo ifike mahali ambako nguzo za TANESCO hazikufika.

Tangu hapo, kila linapozungumzwa suala la kaya za vijijini na nishati jadidifu, swali ni lilelile: wako tayari kulipa au hawako tayari? Swali hilo limekaa vibaya, na Ukara ni mahali pazuri pa kuonyesha kwa nini.

Ukara ni kisiwa kilicho kaskazini mwa Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria, mkoani Mwanza. Wengi walilisikia jina lake Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na gati ya kijiji cha Bwisya, kisiwani humo. Miaka miwili kabla ya msiba huo Bwisya ilikuwa imepata habari ya aina nyingine. Mwaka 2016 kampuni ya JUMEME, ubia uliowakutanisha wawekezaji wa Ulaya na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino cha Mwanza, iliwasha hapo gridi ndogo yenye paneli za jua, betri, na jenereta ya dizeli ya kusaidia pale jua linaposhindwa. Mteja alifungiwa mita na kununua umeme kabla ya kuutumia, kama mtumiaji wa LUKU.

Sheria ya wakati huo ilikuwa rafiki kwa mradi wa namna hiyo. Chini ya kanuni za miradi midogo ya umeme, mtambo usiozidi kilowati 100 haukulazimika kuidhinishiwa bei na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, kabla ya kuanza kuuza. Kulikuwa na mlango wa dharura: asilimia 15 ya wateja wakilalamika, mdhibiti angeweza kuipitia bei. Waliotunga kanuni hiyo waliamini kwamba mteja asiyeridhika ataacha kununua, na kwamba kuacha kununua ni jibu tosha. Nitarudi kwenye imani hiyo, maana ndiyo iliyoleta matatizo.

Walilipa nini kabla ya mita

Anayedhani kaya za vijijini hazina mazoea ya kulipia nishati hajawahi kukaa kwenye duka la kijijini jioni. Pale yalikuwa yakipimwa mafuta ya taa ya kibatari kwa chupa ndogo, zikinunuliwa betri za tochi, na simu zikichajiwa kwa shilingi 300 hadi 500 kila moja. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi 400.30 kwa lita ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, na gharama hiyo ikamwangukia mwenye kibatari ambaye hajawahi kumiliki gari. Wengi walihamia kwenye tochi za betri. Waliokuwa na uwezo kidogo walinunua sola.

Waliofanya hivyo hawakuwa wachache. Uchunguzi wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu na Wakala wa Nishati Vijijini (REA) wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba asilimia 16.9 ya kaya za vijijini Tanzania Bara zilikuwa na umeme, na takriban theluthi mbili ya kaya hizo ziliupata kutoka kwenye jua, si kwenye gridi. Kwa maneno mengine, wakati wataalamu wanaandaa madodoso ya kuwauliza wanavijiji kama wangekubali kulipia nishati ya jua, wanavijiji walishalipia, kwa fedha zao, mara nyingi kwa paneli isiyo na dhamana yoyote.

Sasa tupige hesabu ambayo nadhani ndiyo kiini cha kisa hiki. Simu ya kitochi hula kama wati-saa tano kujaa. Uniti moja ya umeme, yaani wati-saa elfu moja, inachaji simu za namna hiyo takriban mia mbili. Kwa shilingi 300 kila moja, mwenye kibanda cha kuchajia anaiuza uniti moja kwa shilingi 60,000. Elfu sitini! Hakuna aliyemshtaki kwa mdhibiti. Hakuna waziri aliyepanda boti kwenda kumkaripia.

Tuchukue kaya ya mfano. Inatumia lita tatu za mafuta ya taa kwa mwezi, kwa bei ya wakati huo ya karibu shilingi 2,000 kwa lita, na inachaji simu mara thelathini kwa shilingi 300. Jumla ni shilingi 15,000. Kaya hiyohiyo ikiunganishwa kwenye gridi ya jua ya shilingi 1,500 kwa uniti, na kuwasha taa nne za wati tano kwa saa tano kila usiku, itatumia uniti tatu kwa mwezi. Simu zote hazifiki hata robo ya uniti. Gharama yake haifiki shilingi 5,000. Imeokoa zaidi ya shilingi 10,000, imepata mwanga bora mara nyingi zaidi, na moshi umeondoka kwenye macho ya watoto wanaosoma.

Hadi hapa kampuni ina haki ya kujisifu. Tatizo linaanza siku kaya inapotaka runinga.

Runinga ya wati 50 pamoja na king'amuzi chake, saa tano kwa siku, ni uniti saba na nusu kwa mwezi: shilingi 11,250. Jokofu dogo linalokula uniti moja kwa siku ni shilingi 45,000. Kaya yenye taa, simu, runinga na jokofu inahitaji takriban uniti 41, ambazo kisiwani zingeigharimu zaidi ya shilingi 60,000 kwa mwezi. Jamaa yao aliye upande wenye nguzo za TANESCO, kwa kuwa hajavuka uniti 75, yuko kwenye D1, daraja la bei la watumiaji wadogo, na analipa shilingi 100 kwa kila uniti. Mwezi mzima hafiki shilingi 5,000, jokofu likiwemo.

Kwa hiyo bei ya shilingi 1,500 ilikuwa rahisi kwa uniti nne za kwanza na ukuta kwa zilizobaki. Kaya ileile ingeweza kusema kweli kabisa kwamba inafurahia huduma, na kweli kabisa kwamba inanyonywa. Dodoso lenye kisanduku kimoja cha "ndiyo" na kimoja cha "hapana" haliwezi kubeba jibu hilo.

Uniti ilipoonekana

Kibatari hakina mita. Mafuta yakiisha yamekwisha, na hakuna anayejua mwanga wa usiku mmoja umegharimu shilingi ngapi kwa wati-saa. Mita ya kidijitali ilileta kitu kipya kijijini: bei ya kipimo kimoja, iliyoandikwa, inayoweza kulinganishwa na ya mtu mwingine kwa simu ya dakika moja. Mara tu ilipoonekana, ikaacha kulinganishwa na mafuta ya taa na kuanza kulinganishwa na TANESCO.

Naona wachambuzi wengi wa masuala ya nishati hawajaupa mgeuko huu uzito unaostahili. Wao huchora mstari wa gharama za kibatari, wakaweka chini yake bei ya gridi ndogo, wakahitimisha kwamba kaya ina nafasi ya kulipa. Hesabu ni sahihi. Lakini mtu hapimi haki kwa kujilinganisha na umaskini wake wa jana. Anapima kwa kumtazama mwenzake wa leo. Mkara anayevuka kwenda Ukerewe au Mwanza analala kwenye nyumba ya ndugu yake, anaona feni inazunguka usiku kucha, anaona pasi ya umeme, anauliza bei ya uniti. Akirudi kwake hawezi tena kuiona shilingi 1,500 kama punguzo.

Kuna jambo jingine linalosikika mara kwa mara vijijini: umeme wa jua haupewi hadhi ya umeme kamili. Ni umeme wa kusubiria. Umeme wenyewe ni wa TANESCO, ule unaokuja na nguzo na transfoma, unaoweza kuendesha mashine ya kusaga na mashine ya kuchomelea. Mtazamo huo haukutoka hewani. Watu wameuziwa sola bandia zilizokufa kabla ya masika ya pili, na gridi ndogo nyingine zilizima betri zilipochoka. Tena kulikuwa na REA, ambayo chini yake mwanakijiji aliunganishiwa umeme kwa shilingi 27,000. Anayeamini kwamba nguzo zinakuja ana sababu nzuri ya kutojifunga na huduma ya bei kubwa. Na wapo wanaouliza jua ni la nani hata liuzwe. Swali hilo hutolewa kama utani, lakini lina uzito wake kwa sababu hakuna aliyewaeleza kwamba wanachouziwa hasa ni betri, nyaya na fundi wa kuzitunza.

Uadilifu wa mazingira haumo kwenye hesabu hii. Katika nchi tajiri mtafiti huuliza kaya ingeongeza kiasi gani kwenye bili yake ili umeme utoke kwenye upepo badala ya makaa ya mawe. Kisiwani Ukara swali hilo halina pa kusimama. Kaya haikuchagua jua kwa sababu ni safi. Ilichagua taa, na jua ndilo lililokuwa karibu.

Mwezi mpevu na mfuko mtupu

Kipato cha ziwani kina mdundo wake. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka wavuvi hupumzika mwaloni, kwa kuwa dagaa hawafuati taa wakati ziwa zima lina mwanga. Kwa hiyo kuna wiki za fedha na wiki za ukata, na zinajulikana kabla. Wavuvi hawa, ukipenda kujua, ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa mwanga katika Afrika Mashariki: kwa miaka mingi walichoma mafuta ya taa kwenye karabai usiku kucha, na baadaye wengi wakahamia kwenye taa za LED za betri. Hawalipii mwanga kama anasa. Kwao ni mtaji, kama wavu.

Kwa kaya yenye kipato cha namna hiyo, bili ya mwisho wa mwezi ni adui. Malipo ya kabla, kidogo kidogo kwa simu, yanaendana na maisha: leo uniti mbili, kesho kutwa hakuna, wiki ijayo tano. Ni kama sukari ya kupima dukani. Anayenunua kijiko anajua kilo ingemtokea nafuu, ila kilo haipo mfukoni. Jambo hili kampuni za jua zililielewa mapema kuliko mashirika ya umma. Lakini pia linamdanganya mtafiti, kwa kuwa kaya iliyowasha umeme siku nne kati ya thelathini inaandikwa "mteja anayelipa," wakati siku ishirini na sita ilirudi kwenye tochi.

Hapa ndipo imani ya waliotunga kanuni inapovunjika. Walidhani asiyeridhika ataondoka. Hakuondoka, alipunguza. Akabaki na mita ukutani, taa mbili, na manung'uniko. Manung'uniko hayo hayakupitia mlango wa asilimia 15 uliochongwa kwa ajili yake. Yalipanda juu, yakafika kwenye siasa, na siasa haina subira ya kupitia majedwali ya gharama.

Ndiyo ya mdomo na ndiyo ya mfuko

Kuna jaribio la upande wa Kenya ambalo kila anayeandika kuhusu utayari wa kulipa anapaswa kulijua. Watafiti Kenneth Lee, Edward Miguel na Catherine Wolfram walifanya kazi na jamii 150 za magharibi mwa Kenya, wakati kuunganishiwa umeme wa gridi vijijini kulipokuwa shilingi 35,000 za huko. Kaya zilipewa bei tofauti kwa bahati nasibu. Zilizopewa bure zilikubali karibu zote. Kwa shilingi 25,000 walilipa kama asilimia 7. Kwa 15,000, chini kidogo ya robo. Kwa bei kamili, hata asilimia mbili hawakufika. Kaya zilizoulizwa kwa maneno tu zilionyesha hamu kubwa zaidi, na hamu hiyo ilishuka mara swali lilipoongezewa sharti la kukamilisha malipo ndani ya wiki sita.

Sisomi matokeo hayo kama ushahidi kwamba watu ni waongo. Anayesema "ndiyo, ningelipa" anajibu swali la thamani: umeme ni kitu kizuri kwake. Anayeshindwa kulipa ndani ya wiki sita anajibu swali la fedha taslimu. Na tuulize pia anayejibu ni nani. Madodoso mengi humtafuta mkuu wa kaya, ambaye mara nyingi ni mwanamume, wakati mafuta ya kibatari na mkaa vinatoka kwenye fedha ya mboga anayoishika mama.

Kwa upande wa Tanzania lilikuwapo jaribio jingine, la maabara ya ubunifu wa gridi ndogo ya kampuni ya CrossBoundary, ambapo wateja walishushiwa bei kwa ruzuku na mwenendo wao ukafuatiliwa. Matumizi yaliongezeka sana. Kiasi cha fedha ambacho kaya ilitoa kwa mwezi kilibaki karibu palepale. Hili kwangu lina maana kubwa kuliko wastani wowote wa dodoso: kaya ina fungu lake la nishati, na bei huamua fungu hilo litanunua taa mbili au taa na runinga. Anayedhani akipandisha bei atapata zaidi kutoka kwenye fungu lilelile anajidanganya, na anayedhani ameshusha bei ili wananchi waokoe fedha hajawaelewa pia. Wanataka umeme zaidi.

Mia ilitoka wapi

Shilingi 100 si gharama halisi ya kumfikishia mteja wa kijijini uniti moja. Ni bei ya msaada kwa mtumiaji mdogo. Ndani ya TANESCO inawezekana kwa sababu mteja wa kawaida wa nyumbani, daraja la T1, analipa shilingi 292, na viwanda, mahoteli na migodi hubeba sehemu ya mzigo. Ndiyo maana kwa miaka mingi TANESCO iliweza kuchoma dizeli Mafia na Kigoma, kwa hasara ya wazi, na bado ikamuuzia mkazi wa huko kwa bei ya Taifa. Hasara iligawanywa nchi nzima, haikuonekana.

Kampuni ya kisiwani haina mgodi wa kuugawia hasara. Ina mamia ya kaya zinazotaka taa. Lita moja ya dizeli kwenye jenereta ndogo hutoa takriban uniti tatu. Kwa bei ya wakati huo ya karibu shilingi 2,000 kwa lita, mafuta peke yake yalizidi shilingi 600 kwa uniti. Kila usiku ambao jenereta inanguruma baada ya mchana wa mawingu, kampuni inayouza kwa 100 inapoteza zaidi ya 500 kwa kila uniti kabla haijamlipa mlinzi.

Nishati jadidifu haiko ghali kwa asili yake. Kule Mufindi, mradi wa maji wa Mwenga wenye megawati 4, uliowashwa mwaka 2012, unahudumia kiwanda cha chai, unaiuzia TANESCO ziada, na wanavijiji wa jirani wamekuwa wakiupata umeme kwa bei inayokaribia ya TANESCO. Kilichowaokoa si moyo mwema wa mwekezaji wala utayari wa kaya. Kiwanda kinakula umeme mchana na usiku, na ziada ina mnunuzi. JUMEME nayo ilijaribu kitu cha namna hiyo kwa kuingia kwenye biashara ya kugandisha samaki, ili umeme wa mchana upate kazi. Nadhani ulikuwa uamuzi wa busara kuliko kampeni yoyote ya kuelimisha kaya umuhimu wa kulipa.

Basi kwenye kisa hiki nani alikosea? Wana-Ukara hawakukosea kudai bei ya wenzao. Taifa likishaamua kwamba mtumiaji mdogo analindwa, hakuna sababu ya ulinzi huo kuishia kwenye fukwe za bara. Kosa lilikuwa kuamuru bei ya ruzuku bila ruzuku. Serikali kupitia REA ilishatoa fedha kusaidia kujenga na kuunganisha wateja. Kilichokosekana ni fedha ya kila mwezi ya kufidia tofauti kati ya mia na gharama halisi, ileile ambayo TANESCO huipata kimyakimya kutoka kwa wateja wake wakubwa. Matokeo yake mtaji mpya uliogopa, na vijiji ambavyo havikuwa na gridi ndogo vikaendelea kutokuwa nayo. Kaya za huko hazijawahi kuulizwa kama zingependelea umeme wa 1,500 leo au wa 100 siku isiyojulikana, na ninashuku majibu yangetofautiana hata ndani ya nyumba moja.

Anayekwenda tena ziwani na dodoso angeacha kuuliza "uko tayari kulipa shilingi ngapi kwa uniti?" Aulize mwezi uliopita kaya ilitoa fedha wapi, lini, na kwa mkono wa nani, aulize uniti ya tano ingenunua nini, aulize bei ipi ingeonekana ya haki hata kama ni kubwa. Kisha apeleke swali la mwisho Dodoma badala ya Bwisya, kwa sababu ni la bajeti: betri za gridi ya jua huchoka baada ya miaka kadhaa, na kwa bei ya shilingi 100 mauzo hayawezi kununua nyingine.